Vyama vitatu, viti 120 na kigawe kidogo

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Nakuru. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeondoa vicheko na ile simu iliyolia katikati.

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Njoro na Molo na mvua hii. Nimepewa dakika 40, na nimeona chai imeshaandaliwa pale nyuma, kwa hivyo najua macho yenu yatakuwa yanaelekea wapi kuanzia dakika ya 30.

Nimekuja kuzungumza juu ya hesabu ya shule ya msingi. Msinicheke. Ni hesabu iliyoniaibisha nikiwa mtu mzima, nimeshaanza kulipwa kwa kuandika programu, tena iliniaibisha mbele ya mama mmoja wa Lanet anayekodisha hema na viti.

Mama huyu ana viti 120. Wateja wake wakubwa si harusi wala matanga, ni vyama. Nasema vyama vya akina mama vya kuweka akiba na kukopeshana, msifikirie siasa. Vitatu ni vya kudumu. Cha kwanza hukutana kila baada ya siku 14, cha pili kila baada ya siku 21, na cha tatu kila baada ya siku 30, kwa sababu mikopo yao ni ya siku 30 na mhazini wao hataki kusikia habari za mwezi mfupi wala mrefu. Kila chama huchukua viti 50.

Sasa Jumamosi moja vyote vitatu viliangukia siku hiyohiyo. Viti 150 vinahitajika, vilivyoko ni 120. Alikimbia huku na huko, akaazima viti 30 kanisani, siku ikapita. Jioni akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Hebu niambie, hii balaa itarudi lini?"

Nikamwambia hilo ni jambo la dakika tano. Na kweli lilichukua dakika tano, ndiyo sababu lilikuwa baya.

Kabla sijawaambia nilichofanya, tukubaliane kwanza kuhusu majina. Sisi Wakenya tulifundishwa hesabu kwa Kiingereza, kwa hivyo ukisema LCM kila mtu hapa anakumbuka zile kengele tatu za mtihani: moja inalia kila dakika 20, nyingine kila dakika 30, nyingine kila dakika 40, zitalia pamoja tena saa ngapi. Jirani zetu Watanzania husema kigawe kidogo cha shirika, KDS. Kigawe cha 14 ni 14, 28, 42 na kuendelea. Cha shirika ni kile ambacho nambari zote zinakichangia. Kidogo ni kile cha kwanza kukutana nacho. Mwenzake ni kigawo kikubwa cha shirika, KKS, yaani nambari kubwa kuliko zote inayoweza kuzigawanya nambari zako bila kubakisha kitu. Nayapenda majina haya kwa sababu yanasema kazi yao. Nitayaazima leo.

Basi. Nilikumbuka kanuni moja nzuri tuliyofundishwa: zidisha nambari mbili, kisha gawanya kwa KKS yao, utapata KDS. Chukua 4 na 6. Ukizidisha unapata 24, KKS ni 2, jibu 12. Safi kabisa. Mimi nikajiambia, kama inafaa kwa mbili, itafaa kwa tatu. Zidisha zote, gawanya kwa KKS ya zote. Nikajaribu na 3, 5 na 7, nikapata 105, ambayo ni sahihi. Nikaridhika. Nikaweka 14, 21 na 30.

Ukizidisha hizo unapata 8,820. KKS ya zote tatu ni 1, kwa sababu hakuna nambari inayozigawanya zote tatu isipokuwa moja. Kwa hivyo jibu langu likawa siku 8,820. Nikagawanya kwa 365, nikapata miaka 24 na ushei. Nikampigia mama, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mama, lala salama. Ni baada ya miaka 24."

Siku 210 baadaye, Jumamosi, vyama vitatu vilikutana.

Maneno aliyoniambia siku hiyo sitayarudia yote. Moja nitalisema: "Ile mashine yako ilisema nitakuwa nyanya wa vitukuu kabla hawajagongana."

Sasa tulieni hapa nami, kwa sababu hapa ndipo penye kitu. Mtoto wa shule ya msingi angepata jibu. Angeandika 14, 21 na 30 kwa mstari mmoja, achore ile ngazi, agawanye kwa 2 apate 7, 21 na 15. Agawanye kwa 3 apate 7, 7 na 5. Kwa 5 apate 7, 7 na 1. Kwa 7, zote zimekuwa 1. Azidishe zile za pembeni, 2 mara 3 mara 5 mara 7, apate 210. Mimi mwenye laptopu nilikosa. Kwa nini?

Mmeshawahi kuwa kwenye kamati ya harusi? Kuna orodha ya upande wa bwana harusi, orodha ya upande wa bibi harusi, na orodha ya kanisa. Ukizijumlisha tu, utahesabu watu wengi mara mbili na upike wali wa kumwaga. Kwa hivyo mnasema, tuondoe wanaojirudia. Akatokea mjuaji mmoja akasema: tafuta walio kwenye orodha zote tatu, uwaondoe hao. Anaangalia, hapati hata mtu mmoja aliye kwenye zote tatu, anasema basi orodha ni safi. Na shangazi wa bwana harusi, anayeimba kwaya, yuko kwenye orodha mbili! Na jirani aliyesoma na bibi harusi na kukua na bwana harusi, mbili! Hao wote wamebaki.

Huyo mjuaji ni mimi. Tazama: 14 na 21 zinashiriki 7. 14 na 30 zinashiriki 2. 21 na 30 zinashiriki 3. Kila moja ya hizo ilihesabiwa mara mbili nilipozidisha. Lakini hakuna iliyo kwenye zote tatu, kwa hivyo KKS ya zote ikasema 1, na kugawanya kwa 1 hakuondoi kitu. Ziada yangu ilikuwa 7 mara 2 mara 3, yaani 42. Na 8,820 ukigawanya kwa 42 unapata ngapi? Nimesikia mtu amesema. Ndiyo, 210.

Na jaribio langu la 3, 5 na 7 lilinidanganya kwa sababu nambari hizo hazishiriki chochote hata mbilimbili. Nilipima kamati ya harusi ambayo familia hazijuani. Ukitaka kupima programu ya aina hii, ipe 6, 10 na 15. Hizo ni nambari za mtego. Kila mbili zinashiriki kitu, zote tatu hazishiriki kitu. Jibu sahihi ni 30. Kanuni yangu mbovu inatoa 900.

Basi dawa ni nini? Ni kwenda wawili wawili. Chukua vyama viwili vya kwanza, cha siku 14 na cha siku 21. Vinakutana kila baada ya siku 42. Sasa visahau hivyo viwili. Jifanye una chama kimoja tu kinachokutana kila siku 42, ulinganishe na kile cha siku 30. KKS ya 42 na 30 ni 6. 42 ukigawanya kwa 6 ni 7, mara 30 ni 210. Kama kungekuwa na chama cha nne, ungeichukua 210 hiyo ukaendelea nayo.

Kuna atakayeuliza kama ni halali kuvisahau vile viwili. Ni halali, na sababu yake ni fupi: siku yoyote ambayo chama cha 14 na cha 21 viko pamoja ni lazima iwe kigawe cha 42, na kila kigawe cha 42 viko pamoja. Hakuna siku inayopotea wala inayoongezeka. Kwa hivyo 42 inawawakilisha wote wawili kikamilifu, kama mjumbe aliyetumwa na nyumba mbili. Jambo hili si langu. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, anwani yake ni Afrika msisahau, alilieleza hivihivi kwa nambari tatu: tafuta ya mbili kwanza, kisha uilete ya tatu.

Na yeye huyohuyo ndiye aliyetupa njia ya kupata KKS, na nadhani hii ndiyo hesabu nzuri kuliko zote unazoweza kuandika kwa mistari mitatu. Una 42 na 30. Gawanya 42 kwa 30, inabaki 12. Sasa shika 30 na 12, inabaki 6. Shika 12 na 6, inabaki 0. Umemaliza, jibu ni 6. Kubwa inaondoka, ndogo inachukua nafasi yake, baki inachukua nafasi ya ndogo. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni hivi (alama ya % inatoa baki):

def kks(a, b):
    while b:
        a, b = b, a % b
    return abs(a)

def kds(a, b):
    if a == 0 or b == 0:
        return 0
    return abs(a // kks(a, b) * b)

def kds_ya_zote(nambari):
    jibu = 1
    for n in nambari:
        jibu = kds(jibu, n)
    return jibu

Ndiyo programu nzima. Ningeiandika hivi siku ile, mama asingeazima viti tena.

Mtu mmoja aliniuliza pale mlangoni, kwa nini tusipande tu hatua kwa hatua hadi tugonge jibu? Unaweza. Kwa vyama vyetu, ukipanda kwa 30, yaani 30, 60, 90, unafika 210 kwa hatua ya saba. Hakuna aibu. Lakini jaribu 9,973 na 9,967. Zote ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. KDS yao ni 99,400,891. Ukipanda kwa moja moja ni hatua zaidi ya milioni 99. Ukiwa mjanja ukapanda kwa 9,973, bado ni hatua 9,967. Kwa njia ya Euclid: 9,973 kwa 9,967 inabaki 6. 9,967 kwa 6 inabaki 1. 6 kwa 1 inabaki 0. Mara tatu tu umegawanya. Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kwamba hatua za njia hii hazizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za ile nambari ndogo. Nambari ya tarakimu nne, basi, hatua 20 ndizo nyingi kabisa. Mimi hunishangaza kila nikiisema.

Na ile ngazi ya shule? Kwa nambari ndogo ni nzuri, inakuonyesha ndani ya nambari. Lakini ngazi inadai ujue nambari tasa zilizomo, na kuzitafuta kwenye nambari kubwa ni kazi ngumu sana. Ni ngumu kiasi kwamba Rivest, Shamir na Adleman waliifanya ndiyo kufuli ya mfumo wao wa siri wa RSA mwaka 1977. Usilazimishe kompyuta kuvunja kufuli ilhali mlango uko wazi.

Rudini kwenye msimbo, yaani ile programu niliyoandika, kuna mambo madogo yanayouma.

Mmeona nimegawanya kabla ya kuzidisha? Si mapambo. Kwa Python haina shida kubwa, nambari zake nzima hukua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Lakini wengi wenu mtaandika C au Java. Chukua 60,000 na 80,000. Ukizidisha kwanza unapata 4,800,000,000, na nambari ya biti 32 yenye alama, yaani inayohifadhiwa kwa nafasi 32 za 0 na 1 na inayoweza kuwa hasi, inaishia 2,147,483,647. Imefurika. Haitakwambia imefurika, itakupa tu takataka kwa uso mkavu. Ukigawanya kwanza, 60,000 kwa 20,000 ni 3, mara 80,000 ni 240,000. Jibu lenyewe lilikuwa dogo, njia ndiyo iliyokuwa pana.

Wakati mwingine jibu lenyewe ni kubwa, na hapo hakuna ujanja. KDS ya 1 hadi 22 ni 232,792,560, inaingia bila shida. Ongeza 23 tu, inaruka hadi 5,354,228,880, haiingii tena kwenye biti 32. Watu wa JavaScript, nambari zenu za kawaida ni za kuaminika hadi 9,007,199,254,740,991. Mtafika salama hadi KDS ya 1 hadi 40. Ya 41 itapita mpaka, na kuanzia hapo tarakimu za mwisho zinaweza kuwadanganya. Tumieni BigInt, ile aina ya nambari nzima isiyo na mpaka huo, mapema.

Sifuri. Kigawe cha sifuri ni sifuri peke yake, kwa hivyo ikiwepo sifuri moja kwenye orodha, jibu ni 0. Nimeiweka ile mistari ya juu kwa sababu KKS ya 0 na 0 ni 0, na hapo ungegawanya kwa sifuri na programu ianguke. Alama ya kutoa nayo inaondolewa na abs. Na orodha tupu inatoa 1, ndiyo sababu nimeanza na jibu = 1. Kuanza na 0 ni kosa nililoliona mara nyingi: kila kitu kinakuwa sifuri, mwanafunzi anaanza kulaumu kompyuta.

Ndiyo, najua, kuna aliyeinua mkono tangu zamani. Python ina math.lcm, yaani KDS iliyoandikwa tayari, tangu toleo la 3.9, la Oktoba 2020, na inapokea nambari nyingi kadiri utakavyo. Andika math.lcm(14, 21, 30), umemaliza. Kazini itumie, usinitaje. Lakini C++ walipoleta std::lcm mwaka 2017, ni ya nambari mbili tu. Ukiwa na tatu ni juu yako kuziunganisha, na hapo ndipo watu hutumbukia palepale nilipotumbukia mimi.

Nimebakiza hadithi moja, kisha chai.

Baada ya aibu yangu nilienda Lanet na msimbo mpya. Nikamweleza mama kwamba ni kila siku 210, yaani wiki 30 kamili, kwa hivyo itakuwa Jumamosi kila mara. Nikamshauri anunue viti 30 zaidi. Nilikuwa hata nimepiga hesabu ya bei. Akanisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akachukua simu, akampigia mwenyekiti wa kile chama cha siku 21. Wakasalimiana sana, watoto, ng'ombe, mvua. Kisha akamwambia: "Mama, mnaonaje mkikutana Jumapili baada ya ibada badala ya Jumamosi?" Wakakubaliana.

Mimi nikaona ameahirisha tu balaa. Nikaenda nyumbani nikaanza kupiga hesabu. Cha 14 na cha 21 vyote ni vigawe vya 7. Kimoja kikiwa Jumamosi na kingine Jumapili, tofauti yao ni siku moja, na 7 haiigawanyi 1. Havitakutana kamwe. Sawa, hilo hata bila kompyuta unaliona, wa Jumamosi ni wa Jumamosi. Lakini kile cha 30 hutangatanga siku zote za wiki, hicho je? KKS ya 21 na 30 ni 3. Tofauti ni siku moja, 3 haiigawanyi 1. Havitakutana kamwe pia! Vinavyobaki kukutana ni cha 14 na cha 30, kila siku 210, na hao wanahitaji viti 100.

KDS hukuambia lini watakutana tena walioanza pamoja. Kama hawakuanza pamoja, ni KKS inayosema kama watakutana hata mara moja. Hilo la pili sikuwa nimelifikiria kabisa, nilikuwa nimeshikilia swali la kwanza na bei ya viti.

Nilimpigia mama kumweleza habari za 7 na 3. Akasema yeye hakujua hayo. Alichojua ni kwamba mwenyekiti yule huimba kwaya, na Jumapili viti huwa tayari vimeshafika kanisani.

Chai iko pale nyuma. Mwenye swali anifuate na kikombe chake.